Ngoma Niliyoisikia Nyuma ya Ukuta

Mmenitaka niwaandikie habari za densi, nami nawaonya mapema: sijapata kucheza hata hatua moja mbele za watu. Harusini hushika sahani yangu ya pilau nikakaa karibu na mlango. Lakini katika miaka ya tisini nilikuwa mtu wa kaseti wa kikundi cha Mizani, kule Majengo, na mtu wa kaseti huyajua mambo ambayo mchezaji mwenyewe hayajui. Mchezaji atawasimulia alivyoruka. Mimi niliwajua wote kwa namna walivyotua, na wengine, naomba radhi, walitua kama gunia la mbaazi.

Najua mnacheka. Nyinyi mwagusa kioo cha simu kwa kidole kimoja, muziki watoka, na mkikosea mwagusa tena. Sisi tulirudisha kaseti nyuma kwa kukisia, na ukikisia vibaya, watu watano wamesimama kwa mguu mmoja wakikusubiri na kukutazama. Chekeni basi, lakini chekeni kwa adabu.

Mizani kilikuwa kikundi cha mtaa. Hatukutoza kiingilio wala hatukuuza tikiti. Jumamosi tulifundisha vijana, Jumatano akina mama waliokuwa wakitoka kliniki, na tukipata kitu cha kuonyesha tulikipeleka shuleni au uwanjani, popote penye watu na kivuli. Aliyekianzisha alikuwa Mwalimu Mghoi, mwanamke wa Kitaita mwenye shingo ndefu na subira fupi. Alisomea densi ng'ambo kwa miaka kadhaa, na aliporudi akaanza kutufundisha bila viatu. Majirani walisikitika sana. "Asome kote huko," walisema, "arudi miguu mitupu?"

Na densi yenyewe haikuwa ya kwetu wala ya disko. Watu walilala chini, wakabiringika, wakainuka polepole kama wanaoamshwa kutoka usingizini. Wiki ya kwanza mama mmoja wa nyumba ya pili alichungulia dirishani, akamwona kijana wetu akijinyonganyonga sakafuni, na kabla hatujajua lolote akaingia mbio na chetezo cha ubani, akamfukizia mpaka akakohoa. Tulimweleza kwamba kijana hana pepo, anafanya mazoezi. Hakuamini, ila alituachia chetezo, akasema kitatufaa siku nyingine.

Mimi nilitoka bandarini Kilindini. Nilikuwa karani wa kuhesabu shehena, nasimama gatini nahesabu magunia yakishuka kutoka melini, huku makuli wakinitania na madereva wakinipigia honi. Kazi zilipopunguzwa, nami nikapunguzwa nazo. Mwalimu Mghoi alisikia kwamba Majengo kuna Mgiriama mmoja aitwaye Karisa ambaye hapotezi hesabu, akanijia nyumbani. Akanitaka nihesabu moja mpaka nane, nirudie tena na tena bila kukoma. Nilipokuwa nikihesabu, akaniuliza jina la mke wangu, kama nimewahi kuumwa na meno, na nani kamwaga maji pale mlangoni. Nilimjibu kwa nyusi tu, hesabu ikaendelea. "Kesho saa mbili asubuhi," akasema, akaenda zake. Sikuwa nimeuliza ni kazi gani.

Hilo lishikeni: mtu wa kaseti huhesabu watu, hahesabu muziki. Muziki umeshanaswa, hauna pa kwenda. Binadamu ndiye anayepumua, anayeteleza, anayesahau kushoto na kulia.

Kuhusu kuteleza, hapo nina kesi ya kujibu. Sakafu yetu ilikuwa ya mbao za makasha ya bandarini, na niliipiga randa mwenyewe mpaka haikuwa na kibanzi. Siku moja kabla ya wageni kutujia nikaiona imepauka. Nikanunua nta nyekundu ya kopo, nikaipaka sakafu nzima, nikaisugua kwa gunia mpaka ukiinama unaona meno yako. Asubuhi Mwalimu Mghoi aliingia, akapiga hatua moja, na hatua hiyo ikampeleka hadi ukuta wa pili. Aliinuka, akanitupia lile gunia. Nilitumia siku tatu kuitoa ile nta kwa mafuta ya taa na mchanga, na wachezaji walikaa wiki nzima wana nyayo nyekundu, mtaani wanaulizwa ni nani anayeolewa.

Kaseti nazo zilikuwa na mambo yake. Hewa ya kisiwani kwetu ina unyevu na chumvi, na kaseti ikishika ukungu huanza kulia kama mtoto mwenye njaa. Niliziweka katika mkebe wa biskuti pamoja na mchele mkavu wa kunyonya maji, ufundi nilioubuni mwenyewe na kujivunia sana, mpaka fukusi walipozaliana humo na mmoja wao akaingia ndani ya redio yetu ya kaseti katikati ya mazoezi. Mkebe ule niliufunga kwa kufuli. Hakuna aliyeruhusiwa kuufungua, wala kugusa redio, na mtu akiniomba nimfundishe nilimwambia ni kazi ngumu. Haikuwa ngumu. Nilipenda tu kuwa mtu wa pekee, na upumbavu huo ulikaribia kumponza msichana ambaye hakunikosea kitu.

Msichana huyo aliitwa Zuhura. Alikuwa wa Kuze, Mji wa Kale, ana miaka kumi na tisa, kalelewa na nyanya yake, Bi Mwanakombo. Kila Jumamosi alifika na buibui lake, akalivua, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya mkebe wangu kwa kuwa hapakuwa na vumbi, kisha akaingia sakafuni na suruali yake pana. Alitua kwa ukingo wa nje wa unyayo, halafu kisigino, na ubao haukulia. Na mbao zile zilimlilia kila mtu, hata paka. Nilikuwa nikifumba macho katika mazoezi ili nimsikilize asivyosikika.

Basi jirani mmoja akaenda kumwambia Bi Mwanakombo kwamba mjukuu wake yuko Majengo anagaagaa chini mbele ya wanaume. Wanaume wenyewe tulikuwa mimi na vijana wawili waliokuwa wakijitahidi kugusa vidole vya miguu yao. Lakini neno likishatoka limetoka. Zuhura akakatazwa.

Miezi miwili ikapita. Siku moja nilikuwa napita Kuze nikamwona amekaa kizingitini mwa nyumba yao, anapembua mchele.

"Mjomba Karisa," akaniita kwa sauti ya chini. "Ile ya watu watano, bado mwaifanya?"

"Twaifanya."

"Nani yuko mahali pangu?"

"Hakuna. Mwalimu apaacha wazi."

Aliinamisha kichwa juu ya ungo, na nikaona mikono yake imesimama. Nilirudi Majengo. Sikuwa na binti, na mpaka siku ile sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nimeanza kumhesabu yeye kuwa wangu. Nikamsimulia Mwalimu Mghoi. Alivaa kanga yake nzuri na viatu, ndiyo, viatu, akaniambia nimpeleke.

Sasa muelewe Bi Mwanakombo alikuwa nani. Katika ujana wake alikuwa kiongozi wa vugo, ngoma ile ya harusi ambayo wanawake hugonga pembe kwa vijiti huku wakiimba na kwenda kwa hatua. Walisema harusi ya Kuze haikuwa harusi mpaka yeye ashike pembe. Mimi nilibaki nje barazani, Mwalimu akaingia ndani, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi na masikio yangu ndiyo kazi yangu, nilisikia yote.

"Mwalimu, mimi sihukumu ngoma kwa mdomo wa jirani," Bi Mwanakombo alisema. "Nami ngoma nimeiteza ujana wangu wote. Ileteni hapa uani kwangu niione kwa mato yangu. Alasiri, wanawake watupu, asiwemo mwanamume hata mmoja. Ikiwa ni ngoma, Zuhura ateze. Ikiwa ni upuuzi, msipite tena mtaa huu."

"Tumekubali, Bi," akajibu Mwalimu.

Alipotoka nje nilimwona anajifuta kijasho. Tulikuwa na wasichana wengine watatu wa Mji wa Kale, na mama zao wote wangefuata neno la Bi Mwanakombo. Lakini mimi nilimfikiria Zuhura tu. Yeye hakuwa na pengine pa kwenda kucheza.

Akaruhusiwa siku tatu za mazoezi. Wachezaji wa kike walikuwa watano, Mwalimu akiwa mmoja wao, na wote wangekuwa wakicheza. Aliyejua kuendesha redio alikuwa mmoja tu, na alikuwa na masharubu.

"Kwa nini hukumfundisha mtu?" Mwalimu akaniuliza.

"Ni kazi ngumu," nikasema, na kwa mara ya kwanza niliona haya kulisema.

Basi tukapanga hivi. Mimi nikae kichochoroni, nyuma ya ukuta wa ua. Waya za spika zipite juu ya ukuta. Umeme nipewe na mwenye duka la ng'ambo ya pili, mtu mkarimu aliyependa habari. Nikisikia kisigino kikigonga mara tatu, nianze. Miguu ikinyamaza, nihesabu nane, nibadilishe kaseti. Nisiinuke, nisichungulie, nisikohoe.

"Na umeme ukikatika?" akauliza Mwalimu.

"Redio yangu yala betri nane," nikamwambia.

"Nunua mpya, Karisa."

"Haya, Mwalimu."

Betri tuliziita mawe siku zile, na mawe yangu ya zamani hayakuwa yamekufa kabisa. Yalikuwa yamechoka. Kila mtu Majengo alijua dawa ya jiwe lililochoka: uliweke juani lipate nguvu. Nikayapanga juu ya bati la choo kwa siku tatu, nikawa nayageuza kama samaki wa kukausha. Nikayajaribu, redio ikaimba vizuri. Nikajipongeza kwa akili zangu.

Siku ilipofika nilikaa juu ya kigoda, redio mapajani. Wanawake walipita mbele yangu wakiingia, mabuibui na mafuta mazuri, nami nimeinamisha macho chini.

"Na huyu bawabu katoka wapi?" mmoja akauliza.

"Si bawabu, ndiye muziki," mwenziwe akamjibu.

"Muziki wenyewe wasinzia!"

Mlango ukafungwa. Kukawa kimya. Kisha kisigino, mara tatu.

Nikabonyeza. Muziki ukaanza, marimba na filimbi, nami nikaanza kuhesabu na kufuata miguu ukutani kwa kidole. Walikuwa sawa. Uani sakafu ni ya saruji, haina mbao za kulia, lakini nyayo juu ya saruji zina mlio wake, kama mtu anayepangusa meza kwa kiganja. Kaseti ya kwanza ikaisha. Miguu ikanyamaza, nikahesabu nane, nikaweka ya pili. Hiyo ndiyo ilikuwa densi ya Zuhura: wote watano huanza pamoja, kisha yeye huwatangulia katikati.

Hatukufika nusu. Feni ya dukani ikasimama, na redio yangu nayo ikanyamaza ghafla. Mkono wangu ulishakwenda kwenye swichi ya betri, muziki ukarudi kabla hawajapoteza hata hesabu mbili. Mwenye duka akanionyesha kidole gumba. Nikatabasamu.

Tabasamu hilo halikudumu. Filimbi ikaanza kushuka. Ikawa nzito, ikawa kama tarumbeta, kisha marimba yakaanza kuvuta miguu kama mzee anayepanda ngazi. Jua la siku tatu lilikuwa limekwisha. Nikaitoa betri moja, nikaisugua kwa nguo, nikairudisha, na hali ikazidi kuwa mbaya. Ndani nikasikia miguu ikivurugika: wawili wamekwenda mbele ya muziki, mmoja amesimama, mwingine anatafuta. Mwanamke mmoja akacheka. Niwaambie ukweli, nilitamani ukuta uniangukie. Nilikuwa nimemchukua msichana yule na kumuuza kwa ajili ya mawe manane ya kuanika.

Kisha nikasikia unyayo mmoja. Ukingo wa nje, halafu kisigino. Ulikuwa umepunguza mwendo, haukuukimbia muziki wala kuungoja, ulikwenda nao ulivyokuwa ukishuka. Moja. Mbili. Hesabu zake zilikuwa ndefu sasa, ndefu kiasi kwamba nilijua mahali fulani amesimama kwa mguu mmoja na lazima abaki hapo mara mbili ya alivyozoea. Nikashika pumzi. Hakutikisika. Mguu wa pili ukamfuata, wa tatu, wa nne, mpaka nikawasikia wote watano wamejipanga nyuma yake. Redio ikatoa mkoromo, ikafa kabisa. Wao hawakusimama. Walikwenda na nyayo tupu, moja mpaka nane, moja mpaka nane, nami nagonga ukuta kwa kidole kana kwamba wananisikia, mpaka wakafika mwisho na wakatua kwa pamoja.

Sikusikia makofi wala kigelegele. Aliyekuwa akicheka hakucheka. Nilijua wanamsubiri mtu mmoja aseme. Feni ya dukani ikaanza kuzunguka tena, umeme umerudi, wakati hauna faida. Nikaanza kukunja waya.

Mlango ukafunguliwa. Bi Mwanakombo akasimama kizingitini, amejitanda buibui, mdogo wa umbo kuliko nilivyodhani. Nikasimama.

"Masalkheri, Bi."

"Masalkheri, mwanangu. Ndiwe wa kaseti?"

"Ndimi, Bi."

"Mawe yako yamekufa."

"Umeme ulikatika, Bi, ndipo..."

"Umeme kukatika ni mbali, na mawe kufa ni mbali. Uliyaanika juani, si ndivyo?"

Mwenye duka akajifanya anapanga sabuni.

"Nina redio chumbani tangu mume wangu yu hai," akasema. "Sauti ya jiwe la kuanika naijua."

"Naomba radhi, Bi," nikasema. "Kosa ni langu mimi, si la Zuhura. Ukimzuia, nakuomba usimzuie kwa hili."

Akaegemea mwimo wa mlango.

"Sikiza. Muziki ukiwa mzima, hata kuku huteza. Mimi nilikuwa nimekaa nimpe mwalimu wako chai, kisha nimwambie hapana. Neno nilikuwa nalo mdomoni tangu jana. Lakini muziki umekufa, na mjukuu wangu hakufa nao. Akawashika wenziwe akawapeleka mpaka mwisho." Akarekebisha buibui lake. "Nasi zamani ngozi ya ngoma ikipasuka, twalimaliza kwa miguu. Nalidhani tumebaki sisi vikongwe tu tulijuao hilo. Jumamosi atakuya Majengo."

"Ahsante, Bi. Ahsante sana."

"Usinishukuru. Rahisi yavunja upishi. Kanunue mawe mapya."

Akafunga mlango. Na hapo ndipo ndani kulipolipuka vigelegele, kwani walikuwa wamesikia ruhusa yake pale mlangoni, na katikati ya vigelegele nikamsikia Zuhura analia na kucheka kwa pamoja. Nami nililia, mwanamume wa miaka arubaini na kitu, redio mkononi, mchana kweupe. Kisha nikavuka kichochoro mpaka dukani.

"Nipe mawe makubwa manane," nikasema.

"Umeme umerudi, Karisa," akasema mwenye duka. "Na ngoma yenyewe imekwisha."

"Najua," nikamwambia. "Wewe nipe tu."